Binti Yangu Alisema Nimekufa

Mwaka ule shule zilipofunguliwa tena baada ya korona, nilikuwa na miaka hamsini na tano. Binti yangu alikuwa na kumi na sita. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, na mpaka leo ninapowaandikia haijaisha.

Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa kulialia. Nilitoka shule darasa la nne, kusoma hakujanishika. Niliolewa na mkata miwa, mtu mzuri, akafa kwa ugonjwa wa kifua mtoto wetu akiwa na miaka mitatu. Aliniacha na nyumba ya udongo, mtoto huyo mmoja na kuku wawili. Sikurudi kwetu. Sikuomba mtu unga. Wale kuku wawili ndio walionisimamisha.

Niliuza, nikanunua wengine. Nilikuwa natembea kwa miguu vijijini, baadaye nikaanza kufika mpaka Likuyani na Butere, nanunua kuku wa kienyeji boma kwa boma, nawafunga miguu kwa kamba ya mgomba, nawapanga kwenye tenga, nawaleta soko la Lubao. Kuku sinunui kwa macho. Naingiza mkono chini ya bawa nipime uzito, napuliza manyoya ya kifua nione mafuta. Ugonjwa wa kideri ulinimalizia kuku wote mara mbili na nikaanza upya mara mbili. Sokoni wananiita Mama Kuku. Hilo jina nimelitolea jasho, na silionei haya.

Lakini yuko aliyelionea haya.

Binti yangu alikuwa anaitwa Nechesa, jina la mama yangu mzazi. Jina la kanisani lilikuwa Sharon. Alikuwa na mwanya mbele kama wangu, na alikuwa na kichwa chepesi darasani ambacho sijui alikitoa wapi.

Niwaambie jambo moja la kwetu ili mwelewe yanayokuja. Kuku akichinjwa, ile firigisi, sisi tunaita imondo, ni ya mwenye boma. Mwanamke haigusi, mtoto haigusi. Mume wangu alipokufa, kaka yake mkubwa, Mzee Nabwera, aliniambia niwe naipeleka kwake. Nilikataa. Nilimwambia, "Shemeji, hapa mwenye boma ni huyu," nikamwekea Nechesa imondo kwenye sahani yake, mtoto wa miaka mitatu! Mzee alinuna wiki nzima. Baadaye alikuja akacheka, akasema, "Sawa, nitamsalimia mwenye boma kwa mkono."

Basi kila Jumapili niliyochinja, imondo ilikuwa ya Nechesa. Miaka yote ile.

Alipopita mtihani alipata nafasi shule ya bweni ya wasichana, upande mwingine wa kaunti. Siku ya kuripoti sikumpeleka mimi. Nitasema ukweli, kwa sababu nimeapa kusema ukweli hapa. Kulikuwa na fomu za kujaza, na mimi sikutaka mwalimu anione nikishika kalamu kama ninashika jembe. Nilimtuma mdogo wangu Everlyne, ambaye wakati huo alikuwa na saluni mjini Kakamega na anajua kuongea na watu wa ofisi. Mimi nikaenda Likuyani kununua kuku.

Kwa hiyo msifikiri ni mtoto peke yake aliyekuwa na haya...

Likizo ya kwanza alirudi akiwa bado wangu. Likizo ya pili, mtu mwingine alishuka kwenye pikipiki. Alikuwa anatembea polepole kama amekatazwa kukanyaga chini. Kizungu chake kilikuwa kinapitia puani. Nilimwita, "Nechesa, njoo nisaidie na hii tenga." Akaangalia barabarani kama kuna mtu anapita.

"Mum, hilo jina ni la ocha, la kijijini. Huko shule naitwa Shaz."

"Shaz ni nini?"

"Ni Sharon. Ni vile tu watu wanaitana."

"Na mimi nani ameniita Mum? Jana nilikuwa Mama."

Alicheka kidogo. Nilicheka pia. Nilifikiri ni utoto, utapita kama chunusi.

Kule shuleni kulikuwa na kikundi cha wasichana wanaitwa mababi. Hao ndio watoto wanaojifanya wa kitajiri, wa Nairobi na Kisumu, wanapaka mafuta ya harufu, wanajua nyimbo zote na wanacheka wengine. Mkubwa wao alikuwa msichana anaitwa Tiffany. Kila hadithi ya Nechesa ikawa ni Tiffany. Tiffany hali obusuma, yaani ugali, usiku. Tiffany anasema sweta ya kufuma ni ya bibi. Tiffany anasema mtu akinuka kuku unaweza kumjua kutoka getini. Hiyo ya mwisho aliisema huku ameinamisha kichwa, na nilimwona akinusa mkono wa sweta yake.

Alianza kukataa kushika kuku. Alikuwa ananawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kipande. Nguo zake akawa anazianika ndani ya nyumba, si nje karibu na banda. Niliona, nikanyamaza. Nilijiambia, ukimtoa mtoto kwenye udongo si lazima apende udongo.

Msichana mmoja wa kwetu pia alikuwa shule hiyo, Ayuma, mtoto wa jirani yangu anayeuza vitunguu sokoni siku za Jumamosi. Ayuma alikuwa hana maringo. Nilimuuliza siku moja, "Mnatembea pamoja na Nechesa huko?" Akajibu, "Mama, Shaz ako na watu wake." Sikuuliza zaidi, na ningeuliza pengine...

Siku za wazazi kutembelea watoto zilikuwa za Everlyne. Mimi natoa chakula, yeye anapeleka. Lakini mwaka wa pili Everlyne alipata kazi ya nyumbani Saudia. Alifunga saluni na akaondoka, na laini yake ya simu ya Kenya ikafa. Siku ya kutembelea ikakaribia. Nikasema, nitaenda mwenyewe. Hata kama kuna fomu, nitaenda.

Nilichinja jogoo bora niliyekuwa naye. Nilimchoma kwanza kwa moto ngozi ikaiva, ndipo nikampika taratibu. Obusuma nikaufunga kwa jani la mgomba ukae moto, vyote nikavitia kwenye hotipoti. Nilivaa gauni la kanisa na viatu vya kubana. Sikumwambia nakuja. Nilitaka kumshangaza.

Wazazi walikuwa wamejaa chini ya miti, wengine wamefungua magari, wengine wamekaa kwenye leso. Nilimwona kutoka mbali. Alikuwa amekaa na wenzake wanne kwenye nyasi karibu na gari la kina Tiffany, anacheka. Roho yangu ilifurahi. Nikaita kwa nguvu zote za sokoni, "Nechesa! We Nechesa!"

Wale wasichana waligeuka wote. Mmoja akauliza, "Nechesa ni nani?"

Binti yangu aliniangalia... Sijui niwaambie vipi yale macho. Nimewahi kumwona kuku akiangalia hivyo ninapoingiza mkono kwenye tenga.

Akasimama haraka, akaja nusu ya njia, akachukua hotipoti mikononi mwangu na kusema kwa sauti wasikie, "Asante. Auntie amekutuma?"

Nilikuwa bado sijaelewa. Tiffany, msichana mrefu mwenye adabu ya juu juu, alikuja nyuma yake. "Shaz, huyu ni nani?"

"Ni mboch wetu," akasema. "Wa kwa auntie. Nilikuambia kuna mwenye anapikanga."

Mboch ni msichana wa kazi. Hivyo ndivyo watoto wa mjini wanavyosema. Nilikuwa na miaka hamsini na sita.

Tiffany akanisalimia. Akaniambia, "Pole kwa safari. Shaz alituambia mama yake alikufa akiwa mdogo. Ni vizuri mnamwangalia."

Nechesa alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha: mimi ndiye mama. Ningeweza kumshika sikio pale pale, angelia, wangemcheka wiki mbili, na leo angekuwa hai. Lakini mimi nina kiburi, wasomaji. Kiburi ndicho kilichonijengea nyumba, na nikakiacha kinijibie. Nilisimama wima, nikasema, "Ndiyo. Auntie amenituma. Kula, mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Nilimwona akishtuka.

Walifungua chakula. Walikula kwa mikono, hao mababi, wakalamba vidole. Imondo ilikuwa juu kabisa kama ninavyoiwekanga. Nechesa aliishika, akaangalia upande wangu mara moja, akampa Tiffany. "Chukua hii. Mimi sikulangi vitu za ndani." Tiffany akatafuna, akasema, "Kweli mboch wenu anajua kupika."

Nilichukua hotipoti tupu na nikaondoka. Getini nilivua viatu, nikatembea pekupeku mpaka kwenye lami.

Nilimwendea Mzee Nabwera na kumwambia yote. Yule mzee hakucheka. Aliniuliza kama mtoto alitamka hasa kwamba nimekufa. Nikasema ametamka, na siyo leo tu. Akaniambia kwetu mtu mzima akitajwa maiti na damu yake, hilo neno haliachwi hivyo hivyo. Linazunguka boma likitafuta mtu wa kumchukua. Dawa yake ni ndogo. Mtoto aletwe, kuku achinjwe mlangoni, mama na mtoto wale sahani moja, mzee wa ukoo aseme neno limefutwa. Kwisha.

"Mlete, shemeji. Hata kesho. Kuku si unao?"

Nikamwambia, "Kuku ninao. Lakini sitatafuta mtu aliyenizika. Aje mwenyewe apige magoti."

"Yuko shuleni, atakujaje?"

"Miguu anayo."

Mzee akatikisa kichwa. "Wewe ni mgumu kama huyo mtoto. Mmefanana."

Hebu fikirieni. Mimi niliyeuza kuku mpaka sijui idadi, niliyelisha hoteli za Kakamega na Kisumu... kuku mmoja nilimnyima mtoto wangu.

Baada ya wiki mbili Ayuma alitumwa nyumbani kuchukua ada. Aliniletea barua sokoni, imekunjwa mara nne. "Imetoka kwa Nechesa," akasema. Alisema Nechesa, hakusema Shaz. Angeweza kunisomea. Alisimama pale akingoja nimwambie asome. Lakini niliona, kwa nini mtoto wa jirani asome aibu yangu kwa sauti katikati ya matenga ya kuku? Na nilikuwa bado na hasira. Nikaikunja tena, nikamwambia arudi shule salama. Nyumbani niliichomeka kwenye ghala, katikati ya magunia ya mahindi. Sikumpa mtu anisomee.

Mzee Nabwera aliuliza kama mtoto ameandika. Nikasema hapana.

Wiki tatu zikapita. Ilikuwa siku ya soko katikati ya wiki, mchana, jua kali, na biashara ilikuwa nzuri. Mteja wa Kisumu alikuwa amesimama mbele yangu anachagua majogoo. Simu ikalia. Namba siijui.

"Mama, ni mimi Ayuma. Naongea na simu ya matroni." Alikuwa anaongea haraka. "Nechesa ni mgonjwa. Tumbo. Tangu jana analia. Matroni anasema anajifanya, juu hao mababi wanajifanyanga wagonjwa wakwepe masomo ya prepu. Amepiga ya auntie haishiki. Anasema kama kuna mzazi aongee naye, akisema apelekwe hospitali, ataenda saa hii."

Nilisikia kila neno. Msiseme sikusikia.

"Nechesa gani?" nikasema. "Huko kwenu si anaitwa Shaz? Na mama ya Shaz si alikufa?"

"Mama, tafadhali..."

"Mwambie maiti haishiki simu."

Nikakata. Nikaizima kabisa. Yule mteja alicheka, na mwanamke wa ndizi aliyekuwa karibu nami akasema, "Mama Kuku, leo umemkomesha nani?" Nikajibu, "Kuna kifaranga kimejiona tai." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Nilijiona mrefu. Nilimuuzia yule mtu majogoo sita, nikapanga tenga, nikarudi nyumbani, nikala, nikalala usingizi mzuri. Huo ndio usingizi wa mwisho mzuri niliowahi kulala.

Asubuhi mapema mama yake Ayuma alikuja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Ayuma alikuwa amempigia. Nechesa alizirai alfajiri, matroni akaogopa, wamempeleka hospitali. "Tangu jana mtoto wangu anajaribu simu yako," aliniambia. "Ilikuwa imekwisha moto?"

Nilikimbilia barabarani kutafuta pikipiki.

Hospitalini nilimkuta muuguzi mwenye faili. Akaniuliza, "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mama yake."

Alipekua karatasi. "Hii fomu ya shule imeandikwa mama ni marehemu. Tunatafuta mlezi atie sahihi, kidole tumbo kimepasuka, daktari anangoja."

"Basi mimi ndiye huyo marehemu," nikamwambia. "Nionyeshe mtoto wangu."

Alikuwa amelala upande, magoti yamekunjwa, midomo imekauka. Nywele zake alizokuwa anazichana saa nzima zilikuwa zimeshikana na jasho. Aliponiona hakulia. Alimgeukia yule muuguzi na wengine waliokuwa pale, mwalimu wake, wagonjwa, watu wageni kabisa. Akasema polepole, na si kwa kupitia puani:

"Sister, huyu ni mama yangu. Anauza kuku Lubao. Kuku wazuri sana."

Nilitia sahihi. Kalamu niliishika kama jembe na sikujali nani anaona.

Wakimtayarisha alinishika kidole. Akaniuliza, "Mama, ile barua ulisomewa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilimdanganya. Ndugu zangu, mtoto anapelekwa kwenye kisu na mimi namdanganya.

"Na ulisema nini?"

"Nilisema kuku yuko tayari. Ukitoka tu, tunachinja."

Alitabasamu, nikauona ule mwanya. Wakamsukuma.

Hakuamka. Sumu ilikuwa imeenea tumboni. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, waliniita. Daktari alisema kwa upole kwamba kama angeletwa siku moja kabla, pengine... Hakumaliza. Sikutaka amalize. Siku moja kabla nilikuwa Lubao nauza majogoo sita.

Everlyne alipiga kutoka Saudia. Alilia mpaka simu ikawa inakwaruza. Alikiri kwamba siku ile ya kuripoti aliona mtoto akiandika neno marehemu kwenye nafasi ya mama. Alimuuliza, mtoto akasema, auntie, ni ili tu wasinicheke. Everlyne akanyamaza. Aliona ni utoto. Sikumtukana. Yeye alinyamaza nikiwa mbali. Mimi nilizungumza.

Siku tulipomleta nyumbani, Mzee Nabwera alichinja kuku mlangoni kabla sanduku halijaingia bomani. Alisema yale maneno ya kufuta. Kuku nilimchagua mimi, mtetea mweupe. Imondo akaniwekea mkononi, akasema, "Sasa mwenye boma ni wewe." Niliishika mpaka ikapoa. Sikuweza kuila.

Wasichana walikuja na basi la shule. Ayuma alikaa karibu yangu siku nzima. Baada ya mazishi Tiffany alinijia, macho yamevimba. Alipiga magoti bila kuambiwa. Akasema, "Mama, sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Siku ile ulikuja. Mlifanana sana. Huu mwanya... Ulipoenda tulikuwa tunajua. Hatukumwambia. Tuliona tukimwambia ataaibika."

Kwa hiyo walijua. Alijificha kwa watu waliokuwa wanamwona. Na mimi nilijifanya mboch kwa watu waliokuwa wananiona. Sote wawili tulikuwa tunacheza mchezo ambao hakuna mtu aliyekuwa amedanganyika.

Nilimuuliza Tiffany kama walimcheka. Akasema hapana. Akasema baada ya siku ile Shaz alikuwa hali vizuri, na alikuwa anaenda kukaa na Ayuma nyuma ya bweni.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Wazee wenzangu walikuwa wanasoma ili wasome Biblia. Mimi nilikuwa na karatasi moja tu niliyotaka kusoma. Ilinichukua karibu mwaka. Mwalimu alijitolea kunisomea, nikakataa. Nilikuwa nimeikataa kwa kiburi, na nilitaka kuifikia kwa jasho.

Niliitoa ghalani ikiwa imetobolewa na wadudu wa mahindi kwenye mikunjo. Niliisoma nikiwa nimekaa kizingitini, kidole chini ya kila neno. Ilianza hivi: "Mama, najua Ayuma ndiye atakusomea, kwa hiyo naona haya lakini nimeandika tu." Aliomba msamaha. Alisema alianza na uongo mdogo siku ya kwanza, akauliza atautoaje sasa ni mkubwa. Alisema siku ile alipompa Tiffany imondo, usiku hakulala. Aliuliza kama Mzee Nabwera anaweza kumchinjia kuku shule ikifunga, kwa maana alisikia kuna desturi kama hiyo. Hakuna aliyemwambia kuhusu yale mazungumzo yetu. Alijua mwenyewe.

Na chini kabisa, kwa maandishi madogo: "Siku hizi tumbo linanisumbua upande wa kulia, linakuja na kuisha. Usijali. Nikija utanitengenezea dawa ya majani."

Wiki tatu. Hiyo karatasi ilikaa kwenye mahindi yangu wiki tatu akiwa hai.

Siku hizi siwezi kuzima simu. Inalia sokoni, moyo unaruka. Wakati mwingine napokea namba nisiyoijua na kabla mtu hajasema kitu nasikia, "Mama, ni mimi Ayuma." Ni mteja tu anayeuliza bei. Na sauti yangu mwenyewe naisikia ninapofunga kuku miguu: mwambie maiti haishiki simu. Nimeikemea kanisani, nimeiombea. Haitoki. Jumapili nikichinja, bado naweka imondo kwenye sahani yake. Paka anakuja kuichukua, namwacha.

Wasichana mnaosoma hii, nawaambia bila kupamba. Mnataka kuwa wa maana mbele ya wenzenu, nawaelewa. Hata mimi nilikwepa fomu ili nisichekwe. Lakini usimfute mtu wako ili upendwe na watu. Hao unaowafichia, wengi wanajua tayari. Na siku utakapolala chini ukishika tumbo, aliyevaa viatu vya kubana ndiye utakayemhitaji.

Na wazazi, nyinyi ndio hasa ninaowaandikia. Mtoto ataleta ujinga. Ni umri wake. Atakuonea haya, atakuita jina lisilo lako. Usimlipe. Mimi nilimlipa, na nilimlipa kwa neno lile lile alilonipa, nikafikiri nimemfundisha. Mtoto akikuita, hata kama alikuzika jana, shika simu. Akiandika, tafuta njia ya kusomewa, hata kama anayesoma ni jirani mwenye mdomo mrefu. Na kama kuna kuku wa kuchinja, mchinje leo.

Mwaka huu nimefika sitini. Sikuanza na kitu, na nilichonacho sikupewa na mtu. Nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne na mabati ya kijani. Nina ekari mbili, moja ya miwa, moja ya mahindi. Ng'ombe watatu. Banda la kuku lenye waya mpya. Pikipiki moja ya kubebea matenga. Kibanda changu Lubao, kina mlango na kufuli. Simu mbili, zote ziko wazi usiku na mchana. Sanduku la bati la shule, limeandikwa Shaz kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, na ndani ya kifuniko, kwa ncha ya bikari, Nechesa.

Na barua moja ya kurasa mbili, ambayo ninaisoma mwenyewe.